Kovu la Zamani Likifunguka

Hotuba ya Mwenyekiti katika sherehe ya kutimiza miaka 10 ya kikundi chetu



Tulianza wanawake 17, juu ya mkeka, uani kwa mwenzetu Mtaa wa Sikukuu. Sanduku letu lilikuwa na kufuli moja tu, ingawa utaratibu wa vikundi hivi unataka kufuli tatu, kwa sababu hela ya kufuli nyingine mbili hatukuwa nayo. Leo kufuli ni tatu na wenye funguo wote watatu nawaona hapa. Habari za hisa, mikopo na faida mmezisikia kwa Mtunza Hesabu, naye amezisema vizuri kuliko ambavyo ningezisema mimi wa darasa la saba. Sitazirudia.

Kamati ilinitaka niseme juu ya mafanikio. Nikawaambia, mafanikio wenye macho wanayaona, na wenye pua wanayanusa huko jikoni. Mimi leo nitasema juu ya kidonda. Najua siku ya pilau si siku ya kuzungumza usaha, na wale wenye moyo mwepesi nawaomba radhi mapema. Lakini katika miaka hii 10 jambo lililoniuma kuliko yote halikuwa deni lisilolipwa. Lilikuwa ni kidonda cha mwenzetu, ambacho tulikaa nacho chumba kimoja kila Jumamosi na hatukukiuliza.

Mwenzetu huyo yumo humu ndani. Ameniruhusu niseme habari zake, na juzi nilimsomea maneno haya yote jikoni kwake ili aondoe asiyoyataka. Aliondoa mahali pawili tu. Kuna mahali pengine mimi ndiye niliyetaka kupita haraka, akanizuia, akasema, "Hapana mama, hapo usipunguze." Jina lake amesema nisilitaje. Si kwa aibu. Anasema wateja wake wa maandazi wasije wakaanza kumpa pole badala ya kumpa hela.

Alipokuwa mtoto wa miaka sita, huko kwao Kisarawe, figa liliteleza, sufuria ikapinduka, uji wote ukamwagikia mguu wake wa kushoto kuanzia chini ya goti mpaka kwenye kifundo. Akina mama mnaujua uji wa moto, hauko kama maji. Maji yanateremka, uji unaganda pale pale. Hospitali ilikuwa mbali. Bibi yake alimpaka asali akambandika manyoya ya sungura, kama walivyofanya wazee wengi, na Mungu amrehemu, alifanya alichokijua. Kidonda kile kilichukua masika mpaka masika nyingine ndipo kikafunga. Kilipofunga kikaacha kovu, mahali pengine gumu kama soli, mahali pengine jembamba kama ganda la kitunguu, linang'aa, halitoi jasho wala halioti malaika.

Kwa miaka 40 na zaidi kovu hilo likawa linapasuka na kufunga. Kiangazi linapasuka, akilipaka mafuta ya nazi linafunga. Akijigonga kwenye kreti la soda linachubuka, baada ya siku chache linafunga. Hakuna aliyeliona kuwa ugonjwa. Yeye mwenyewe alikuwa akiliita "jirani yangu", maana hana raha naye lakini hawezi kumhama.

Mwishoni mwa mwaka 2020 likapasuka, na safari ile halikufunga.

Alifanya yale ambayo sisi sote tunayafanya. Alifungua kapsuli za rangi mbili akamwaga unga wake juu ya kidonda. Akapaka ile dawa ya zambarau. Akaenda kituo kimoja cha afya, sitakitaja, akasafishwa, akafungwa bandeji, akaambiwa arudi keshokutwa. Akarudi keshokutwa, na keshokutwa yake, miezi minne. Wakampima sukari, ikaonekana hana, tukashukuru Mungu. Kila siku muuguzi mwingine na kila siku bandeji mpya, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kidonda hiki kimekaa juu ya nini. Baadaye shemeji yake akampeleka kwa mganga, huko Mbagala, akaambiwa amekanyaga kitu alichotegewa mlangoni na mshindani wake wa biashara. Hapo ndipo mtaji wa unga na mafuta ulipoondoka.

Kidonda kikaanza kunuka. Kwenye mikutano yetu akawa anakaa karibu na mlango. Mimi nilimwona, na harufu niliisikia. Sikumwuliza kitu. Nilimwambia tu, "Dada, kaa hapo hapo upate upepo." Nilidhani namsitiri.

Mwezi wa tano mwaka 2021 akasimama mbele ya kikundi kuomba msaada wa mfuko wa jamii. Alikuwa amedokezwa na mtu kwamba katika hospitali kubwa kuna kipimo. Kifungu chetu cha mfuko wa jamii wakati ule kilisema msaada utatolewa kwa msiba, kwa uzazi, na kwa mwanachama aliyelazwa hospitali. Yeye hakuwa amelazwa. Alikuwa anatembea kwa miguu yake miwili na maandazi anauza kila alfajiri. Kifungu kile nilikisoma mimi, kwa sauti, mara mbili. Wote tukakubaliana kwamba katiba ni katiba. Akasema ahsanteni, akarudi kukaa mlangoni.

Hapa ndipo aliposema nisipunguze.

Miezi miwili baadaye, tarehe 10 Julai 2021, Soko la Kariakoo likaungua. Mnaukumbuka usiku ule. Kuna wenzetu waliopoteza mali, kuna waliokuwa wakidai na waliokuwa wakidaiwa, kikundi kizima kikawa hakina maneno mengine. Nani angekumbuka kidonda cha mtu mmoja? Na mwaka ule ule, jamani, tulinunua vitenge vya sare. Hela ya kipimo alichokuwa anakiomba ilikuwa ndogo kuliko hela ya sare zile. Nimerudia hesabu hiyo mara nyingi na kila nikiirudia inatoka vile vile.

Aliyelitambua jambo ni binti wa jirani yake, mwanafunzi wa uuguzi aliyekuja likizo. Alisikia harufu uani na yeye akauliza. Akaomba afunguliwe bandeji. Akaona kingo za kidonda zimeinuka na kupinduka kwa nje, ngumu kama ukingo wa sahani ya bati, na katikati nyama imeota vifundo vifundo kama koliflawa ile ya sokoni, ukiigusa kidogo inatoa damu. Akasema, "Mama, hiki kinatakiwa kichukuliwe kinyama kikapimwe." Wakaenda Amana, wakapelekwa Muhimbili. Majibu yakarudi kuwa ni saratani ya ngozi, imeota ndani ya kovu na imeshafika kwenye mfupa. Mwezi wa kumi na moja mguu ukakatwa chini ya goti.

Siku alipolazwa kwa ajili ya kukatwa mguu, mfuko wa jamii ulitoa hela siku hiyo hiyo. Maana sasa alikuwa amelazwa.

Ndugu Mgeni Rasmi, baada ya hapo nilimfuata daktari wake nikamwuliza, inakuwaje moto wa utotoni uje kumkata mguu mwanamke wa miaka hamsini? Alinieleza kwa Kiswahili chepesi, na mengine mwanangu wa mwisho alinisomea nyumbani. Nawapa kile nilichokishika.

Kovu la moto halina mishipa ya damu ya kutosha na halinyumbuki kama ngozi. Mtu akikunja mguu linapasuka. Mwili unalishona. Linapasuka tena, unalishona tena. Mimi ni mtu wa cherehani, hapo nilimwelewa vizuri sana. Ukimshonesha fundi usiku na mchana kwa miaka 40, kitambaa kile kile, kiraka juu ya kiraka, iko siku atakosea mshono. Chembe za ngozi nazo zikikosea, huanza kuzaana zenyewe bila kusikia amri. Na wale askari wa mwili ambao husafiri katika damu wanafika kwa shida kwenye kovu, basi hawaukamati ubaya mapema. Hiyo ndiyo saratani yenyewe. Haiambukizi. Huwezi kuipata kwa kukaa karibu na mtu wala kwa kula naye sahani moja, kwa hiyo wale tuliokuwa tunasogeza mikeka tulisogeza bure.

Madaktari wanakiita kidonda cha Marjolin, kwa jina la daktari mpasuaji wa Ufaransa, Jean-Nicolas Marjolin, aliyeandika habari za vidonda vya kwenye makovu mwaka 1828. Ni kabla Kariakoo haijaitwa Kariakoo, kabla hata ya Mjerumani. Ugonjwa unajulikana miaka yote hiyo, na sisi tulikuwa tunatafuta nani amemtegea mwenzake mlangoni.

Kwa kawaida huchukua muda mrefu, mara nyingi kama miaka 30 tangu mtu aungue, ingawa wako unaowapata mapema zaidi. Si kila kovu linageuka. Hutajwa kuwa ni kovu moja au mawili katika kila 100, hasa yale ya majeraha makubwa yaliyofunga yenyewe kwa taabu bila kuwekewa ngozi, na yale yaliyo kwenye maungo yanayokunjwa. Basi mtu asitoke hapa akilia kwa sababu ana alama ya pasi mkononi. Tena si moto peke yake. Donda sugu la mguu linaweza kugeuka hivyo. Vile vile mfupa unaotoa usaha miaka na miaka, na vidonda vya muda mrefu vya watu waliougua ukoma. Huko Uganda, miaka ya 1950 na 1960, madaktari waliona saratani nyingi za mguu zilizoanzia kwenye madonda ya watu wa mashamba waliokuwa wakitembea peku.

Nilichoshangaa zaidi ni habari ya Kashmir, kule kaskazini ya India. Baridi yao ni kali, basi watu hutia makaa kwenye chungu, chungu kikawekwa ndani ya kikapu, wanakiita kangri, na mtu hukibeba chini ya joho lake, tumboni. Ngozi ya tumbo na ya mapaja inaungua kidogo kidogo kila majira ya baridi, na baada ya miaka mingi saratani huota pale pale kangri ilipokuwa inakaa. Sisi Dar es Salaam baridi hiyo hatuna, lakini makaa tunayo. Na karai la mafuta tunalo. Na jiko la mafuta ya taa linalolipuka tunalo.

Hapa kwetu Tanzania madaktari wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, walichapisha mwaka 2012 habari za wagonjwa wao 56 wenye ugonjwa huu. Sehemu kubwa sana walikuwa na makovu ya moto. Mguu ndio ulioongoza. Na wengi walifika hospitali wamechelewa. Mwanangu aliponisomea hapo nilimwambia asimame kidogo, maana niliona kama wamemwandika mwenzetu.

Sisi wengi tukisikia saratani ya ngozi tunawafikiria wenzetu wenye ualbino. Ni kweli jua linawaua, nao wanahitaji kofia, mikono mirefu na mafuta ya kujikinga, na yeyote mwenye mtoto wa namna hiyo asione haya kuomba msaada. Lakini kwa sisi wenye ngozi nyeusi hatari yetu kubwa haipo kwenye jua. Ipo kwenye kovu na kwenye kidonda kisichopona, na mara nyingi ipo mguuni, chini ya gauni, mahali ambapo mwanamke hamwonyeshi mtu.

Nawafikiria pia wale wa Msamvu, Morogoro. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la petroli lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota, likalipuka. Waliokufa walizidi 100. Waliookoka wamebaki na makovu. Wakifika umri wangu makovu yao yatakuwa na miaka 30. Kama kuna mtu hapa ana ndugu miongoni mwao, ampelekee maneno haya. Na wako ndugu zetu wenye kifafa, ambao huangukia motoni mara mbili, mara tatu, na mpaka leo kuna watu wanaogopa kumtoa mtu motoni kwa sababu ya povu la mdomoni. Povu lile haliambukizi kitu! Mtoeni mtu.

Sasa tufike kwenye la kufanya, na hapa naomba hata wale walioanza kuangalia jikoni wanisikilize.

Kovu lililokaa kimya miaka mingi, na sasa limefunguka na wiki zinapita halifungi, hilo usilifanyie mchezo. Vile vile kidonda chochote, hata kisicho cha moto, kilichokaa miezi mitatu bila kupona. Kingo zikianza kuinuka na kuwa ngumu, nyama ikiota kupita ngozi, kikitoa damu kwa kuguswa na nguo tu, kikinuka harufu ambayo haikuwepo, au kikianza kuuma pale ambapo miaka yote hapakuuma, usingoje hiyo miezi mitatu. Jipapase kwenye kinena, na kama kovu liko mkononi jipapase kwapani. Ukikuta mitoki, mwambie daktari. Usimwachie aitafute mwenyewe.

Na ukifika hospitali usiseme "nimekuja kusafishwa kidonda", maana utasafishwa. Mwenzetu alisafishwa miezi minne. Sema, "Nina kovu la moto la zamani, limefunguka, naomba kipimo cha kinyama." Naomba tuseme wote. Kipimo cha kinyama. (Wanachama wanaitikia.) Akina baba huko nyuma sijawasikia. (Wanaitikia tena.) Ahsanteni.

Kipimo chenyewe si kitu cha kutisha. Unapigwa ganzi, wanachukua vipande vidogo pembeni mwa kidonda, mahali zaidi ya pamoja, vinapelekwa maabara. Kuna maneno mtaani kwamba ukikigusa kwa kisu kinasambaa. Nilimwuliza daktari hivyo hivyo. Akasema kinachokisambaza ni kukaa nacho. Na majibu yakija mazuri lakini kidonda bado hakifungi, rudi, wachukue tena mahali pengine, kwa sababu kipande cha kwanza kinaweza kupita pembeni.

Kikikutwa mapema wanakikata chote pamoja na ngozi nzima inayokizunguka, kiasi cha sentimita 2 hivi, halafu wanachukua ngozi nyembamba ya paja wanafunika. Mguu unabaki wako. Kikishaingia mfupani ndipo habari inakuwa ile ya mwenzetu. Wengine huongezewa mionzi kule Ocean Road. Ninajua jina hilo likitajwa watu wanashusha sauti. Jengo lile la Wajerumani pale pwani karibu na Ikulu limekuwa kama kituo cha mwisho cha basi katika vichwa vyetu. Lakini watu wanaingia na wanatoka, na wengi wanaokwisha pale wamekwisha kwa sababu walianza safari wamechelewa. Toka hapa Kariakoo mpaka Ocean Road hata bajaji haichukui muda. Sisi tulichukua mwaka mzima kufika Muhimbili tu, ambako ni karibu zaidi.

Kwa watoto wetu: mtoto akiungua, maji ya bomba ya baridi yapite juu ya jeraha dakika 20. Si barafu. Si yai, si dawa ya meno, si unga wa ngano, wala manyoya ya sungura. Mfunike kwa kitambaa safi, hospitali. Na jeraha la moto ambalo wiki tatu zimepita halijafunga, mwulize daktari habari ya kuwekewa ngozi. Uliza tu, hata kama hakulitaja yeye. Jeraha lililofunikwa ngozi mapema haliachi kovu la kupasuka pasuka miaka 40.

Sasa katiba. Mwaka 2022 nilileta pendekezo kwamba mfuko wa jamii ulipie pia kipimo cha mwanachama au mtu wa nyumbani kwake, na nauli ya kufuata kipimo, hata kama hakulazwa. Tulibishana Jumamosi tatu. Waliopinga hawakuwa wabaya. Walisema kila mwenye upele atakuja na mfuko utakauka, na siku ya msiba tutatoa nini? Swali lile lilikuwa la haki. Tukakubaliana kuweka kiwango, na kwamba anayeomba alete karatasi ya daktari au ya muuguzi inayotaja kipimo. Kura zilikuwa 19 kwa 11. Katika hao 11 wako waliokuwa marafiki zangu wa karibu, na wengine mpaka leo tukikutana Mtaa wa Kongo salamu ni ya haraka haraka.

Tangu siku hiyo kifungu kimetumika kwa watu wanne wenye vidonda. Watatu majibu yalikuja kuwa si saratani, wakapewa dawa zao. Kuna mwanachama alisimama akasema, mnaona, hela ya watu watatu imepotea. Nilimwuliza kama na yeye akipima ujauzito ukakuta hamna anadai hela yake irudi. (Kicheko.) Wa nne alikuwa mjomba wa mwenzetu mmoja, fundi wa kuchomelea vyuma huko Gerezani, ana kovu la moto kwenye mkono wa kulia. Lilifunguka, mpwa wake akakumbuka, akamvuta kwa nguvu kwenda kupima. Ilikuwa ndiyo yenyewe, ila bado changa. Walimkata, wakamwekea ngozi ya paja, na mkono anao. Haya maturubai mnayokaa chini yake ameyafunga yeye asubuhi.

Mwenzetu wa maandazi anatembea kwa mguu wa bandia. Kliniki anakwenda kwa tarehe zake, na mpaka mara ya mwisho hawajakuta kitu. Alfajiri yuko pale pale Mchikichini. Mwanzo aliacha kuja kwenye mkutano, miezi mitano. Nilikwenda kwake nikamwomba radhi. Aliniangalia, akaniambia nimsaidie kukanda unga kwanza. Tulikanda kimya kimya. Jumamosi iliyofuata alikuja, na hakukaa mlangoni.

Ndugu Mgeni Rasmi, risala ya kikundi utakabidhiwa, na humo tumeomba mambo mengi, lakini naomba hili moja ulibebe mdomoni bila karatasi. Katika zahanati na vituo vya afya vya Ilala, mgonjwa wa kidonda akishafungwa bandeji miezi mitatu, mtu aandike barua ya kumpeleka mbele. Haihitaji jengo wala mashine. Inahitaji mtu anayehesabu tarehe. Na ninyi marafiki zetu mliouliza mtuchangie nini safari hii: viti vinatosha, masufuria yanatosha. Tuchangieni mfuko wa jamii.

La mwisho ni tangazo. Yule binti wa uuguzi amemaliza masomo, sasa ni muuguzi kamili, na leo amekuja kwa hiari yake. Atakaa chumba cha nyuma, kushoto ukitoka ukumbini, kuanzia sasa mpaka saa kumi. Mwenye kovu linalomsumbua au kidonda kisichofunga aingie mmoja mmoja, hata kama si mwanachama, akina baba pia. Anayehitaji kuandikiwa barua ataandikiwa. Mlango tumeufunga pazia ili mtu awe na faragha yake, na pazia ni kile kitenge cha sare ya mwaka 2021, kilibaki kipande.

Chakula ni saa saba.